Kizazi Kile na Makaburi Yetu: Unabii wa Siku za Mwisho Umetimia Kiasi Gani?

Septemba ya mwaka 70 baada ya Kristo, askari wa Roma walipoteketeza sehemu ya juu ya mji wa Yerusalemu, nyumba moja ya ukoo wa makuhani iliungua na kuporomoka ikiwa na vitu vyake vyote ndani. Ilifukuliwa mwaka 1970 na kikosi cha mwanaakiolojia Nahman Avigad. Chini ya masizi walikuta meza na vinu vya mawe, sarafu zilizotolewa na waasi wakati wa vita vile, jiwe la kupimia uzito lenye jina la Bar Kathros, mkuki wa chuma, na upande wa jikoni mifupa ya mkono wa mwanamke kijana ambaye hakupata nafasi ya kukimbia. Anayetaka kuelewa Mathayo 24, Marko 13 na Luka 21 afadhali aanzie kwenye nyumba hiyo, maana miaka 40 hivi kabla ya moto ule Yesu aliwaonya watu wa Uyahudi wakimbilie milimani, akasema aliye darini asishuke kuchukua kitu ndani, na akawasikitikia hasa wenye mimba na wanaonyonyesha. Kwenye mikutano mingi ya injili maneno hayo husomwa kana kwamba yaliandikwa kufafanua taarifa ya habari ya jana usiku. Mwanamke wa jikoni hatajwi kabisa.

Swali la kama unabii huo ulikwisha kutimia limewagawa Wakristo kwa muda mrefu. Upande mmoja wapo wanaosema karibu yote bado: dhiki kuu, chukizo la uharibifu, mpinga Kristo na chapa ya mnyama, yote yako mbele. Upande wa pili wapo wanaosema yote yamepita, pamoja na kuja kwa Kristo, ufufuo wa wafu na hukumu. Kwao, Hekalu lilipoanguka hakikubaki kitu cha kungojea. Msimamo huu huitwa upreteristi kamili. Katikati wapo wanaoamini kwamba sehemu kubwa ya maonyo ya Yesu ilitimia katika maangamizi ya Yerusalemu, ila kurudi kwake na ufufuo bado havijatokea. Ninasimama na hawa wa katikati, lakini si kwa kutafuta usalama kati ya kambi mbili. Maandiko yenyewe yanatofautisha mambo ambayo mtu angeweza kuyakwepa kwa miguu yake na jambo ambalo hakuna mwenye miguu aliyewahi kulikwepa. Jeshi lizungukalo mji linakimbiwa. Kaburi halikimbiwi. Maneno yaliyohusu jeshi yametimia, na maneno yaliyohusu kaburi bado, na anayechanganya makundi haya mawili, kwa upande wowote, huharibu yote mawili.

Tuanze na ushahidi kwamba maonyo yale yalihusu watu wa wakati ule. Sura ya 24 ya Mathayo haikuanguka kutoka hewani. Inatoka moja kwa moja katika sura ya 23, ambako Yesu anawakemea viongozi Hekaluni, anasema damu ya wenye haki wote tangu Habili itakuja juu ya kizazi kile, kisha anaulilia mji na kusema nyumba yao inaachwa ukiwa. Anatoka nje. Wanafunzi wanamwonyesha majengo, naye anasema halitasalia jiwe juu ya jiwe. Wanauliza ni lini. Katika jibu lake refu anafika mahali anapotamka waziwazi kwamba kizazi hicho hakitapita kabla mambo hayo hayajatukia. Maelezo ya Biblia ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909 na kuenea mno miongoni mwa Waprotestanti wa Marekani, yalijaribu kulifanya neno kizazi limaanishe taifa zima la Wayahudi. Wengine wakasema ni kizazi kitakachoziona dalili, wakati wowote kitakapozaliwa. Lakini mfuate Mathayo popote anapotumia maneno hayo, kuanzia watoto wanaoitana sokoni katika sura ya 11 hadi watu wa Ninawi watakaosimama kuwahukumu waliomkataa Yesu katika sura ya 12, na kila mara ni watu waliokuwa wakimsikia kwa masikio yao. Hakuna sababu ya kubadilisha maana mara moja tu, tena pale pale inapotuletea ugumu.

Na msiba uliokuja ulilingana na onyo. Uasi ulianza mwaka 66. Mwaka huo huo jeshi la Cestius Gallus, liwali wa Siria, lilifika hadi kwenye kuta za Yerusalemu, kisha kwa namna iliyowashangaza hata wapiganaji wa mji likaondoka na kupigwa vibaya njiani. Aliyetaka kukimbia alikuwa na mwanya. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya nne, anasimulia kwamba waumini wa Yerusalemu waliuacha mji na kuhamia Pella, ng'ambo ya Yordani. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo, nami sijengi hoja juu yake. Mwaka 70 Titus, mwana wa Kaisari Vespasian, aliuzingira mji wakati wa Pasaka ukiwa umejaa wageni. Josephus, kuhani wa Kiyahudi aliyetekwa na Warumi mwaka 67 na kushuhudia mzingiro akiwa upande wao, anaeleza njaa, vikundi vya waasi vilivyouana vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya kuta, na Hekalu lililowaka moto mwezi Agosti. Anataja waliokufa 1,100,000 na mateka 97,000. Idadi ya kwanza wanahistoria wengi huiona imekuzwa, lakini hata ukiipunguza mara kadhaa unabaki na msiba wa kutisha. Josephus huyo huyo anasimulia habari ya mkulima aliyeitwa Yesu mwana wa Anania, ambaye miaka minne kabla ya vita alianza kuzunguka vichochoroni akiulilia ole mji na Hekalu. Alichapwa viboko mbele ya liwali Albinus hadi mifupa ikaonekana, akaachiwa kama mwendawazimu, akaendelea kulia miaka saba na zaidi mpaka jiwe la mtambo wa Warumi lilipomuua ukutani. Baada ya vita kodi ambayo kila mwanamume Myahudi alikuwa akitoa kwa ajili ya Hekalu ilielekezwa kwa hekalu la Jupita kule Roma. Mwisho wa ulimwengu wa watu hao ulikuwa kamili kuliko tunavyoweza kufikiri sisi tunaosoma tukiwa mbali.

Hapa lazima niseme jambo moja bila kulizungusha. Habari za mwaka 70 zimetumiwa kwa karne nyingi kuwachukia Wayahudi, na Eusebius mwenyewe ni miongoni mwa walioanza kuzisimulia kwa sauti ya kuwashinda adui. Yesu wa Luka 19 alipouona mji alilia. Anayehubiri utimilifu wa unabii huu bila machozi yale amechukua maneno akamwacha msemaji.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni jua na mwezi. Mbona mwaka 70 jua halikutiwa giza, nyota hazikuanguka, na Mwana wa Adamu hakuonekana mawinguni? Anayeuliza hivyo ana haki, ila awaulize manabii kwanza, maana Yesu alisema kwa lugha yao. Isaya 13 inaposema nyota na jua havitatoa nuru, sura yenyewe inataja mji ni Babeli na watakaoushambulia ni Wamedi. Isaya 34 inazikunja mbingu kama ukurasa wa kitabu ikizungumzia Edomu. Ezekieli 32 inalifunika jua kwa wingu kwa sababu Farao anaanguka. Katika Isaya 19 Bwana anapanda wingu jepesi kwenda Misri, na hakuna aliyewahi kudai kwamba Wamisri walimwona kwa macho akishuka. Hiyo ndiyo lugha ya kuanguka kwa dola, na kila Myahudi aliyekulia sinagogi aliijua. Petro naye siku ya Pentekoste alisoma unabii wa Yoeli, wenye jua kugeuka giza na mwezi kuwa damu, akasema ndilo jambo lililokuwa likitokea mbele ya watu wale. Ama kuhusu mawingu, chanzo chake ni Danieli 7, na humo Mwana wa Adamu hashuki duniani. Anamwendea Mzee wa Siku ili apewe ufalme. Yesu alimwambia Kayafa na baraza lake kwamba wao wenyewe wangeliona hilo. Kuanguka kwa Hekalu lililomhukumu kulionyesha kwamba aliyehukumiwa ndiye aliyeketishwa.

Pingamizi nyingine ni nyepesi kidogo. Wanasema injili ilikuwa haijafika ulimwenguni kote. Lakini Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba imekwisha kuhubiriwa kwa viumbe vyote chini ya mbingu, na Luka anaita ulimwengu wote eneo lililoandikishwa na Kaisari Augusto. Wanasema dhiki isiyo na mfano haiwezi kuwa ya mwaka 70 kwa kuwa yamekuja mabaya zaidi, na kwa hesabu ya vifo ni kweli. Ila Ezekieli 5 inasema karibu maneno yale yale juu ya Yerusalemu ya siku za Nebukadneza, kwamba Mungu atafanya ambalo hajapata kulifanya wala hatalifanya tena. Nabii anazungumza hivyo ili asikike na wanaokabiliwa na upanga. Hakuwa anapanga majanga ya dunia kwa ukubwa.

Lililo zito ni pingamizi la utimilifu wa mara mbili. Linasema hivi: chukizo la uharibifu la Danieli lilitimia mwaka 167 kabla ya Kristo, Antioko Epifane alipoinajisi madhabahu, na Kitabu cha Kwanza cha Makabayo kinalitaja kwa jina hilo hilo. Hata hivyo Yesu alilichukua tena kama jambo lijalo. Basi ikiwa unabii uliokwisha kutimia uliweza kutimia tena, nani atazuia utimie mara ya tatu? Nakubali sehemu ya hoja hii. Unyama wa dola inayojifanya mungu hurudi, na Mkristo aliyezoea kusoma Danieli ataitambua sura yake popote. Lakini aliyesema chukizo litarudi alikuwa Yesu, na alilipa mipaka ya mahali na muda. Sisi hatukupewa mamlaka ya kuongeza duru. Kutambua mfano ni jambo moja. Kutangaza kwamba mfano huo sasa ni ratiba ya mwaka huu ni jambo jingine, na historia ya waliothubutu haina mtu hata mmoja aliyepatia.

Historia hiyo ni ndefu, nami nitaipita haraka. Waprotestanti wa kwanza walimwona Papa kuwa ndiye mpinga Kristo, wakausoma Ufunuo kama kalenda ya historia yote ya Kanisa. Majesuti wawili wa Hispania walijibu kwa njia zilizopishana: Francisco Ribera, mwishoni mwa karne ya 16, akayasukuma matukio mengi hadi mwisho wa dunia, na Luis de Alcázar, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1614, akayarudisha nyuma hadi mapambano ya Kanisa la kwanza na Uyahudi na Roma ya kipagani. Karne ya 19 John Nelson Darby alieneza fundisho la unyakuo wa kanisa kabla ya dhiki, na Scofield akaliweka pembeni mwa kurasa za Biblia. William Miller alihesabu, wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita. Nyasaland mwaka 1908 Elliot Kamwana, aliyefundishwa maandiko ya Watch Tower, alibatiza maelfu akiwatangazia kwamba mwaka 1914 ungeleta mwisho wa mambo yaliyopo. Mkondo huo ndio uliofika Kongo kwa jina la Kitawala. Mwaka 1970 kitabu cha Hal Lindsey kilichouzwa kwa mamilioni kilifanya mwaka 1948, taifa la Israeli lilipoanzishwa, kuwa chanzo cha kizazi cha mwisho, na miaka 40 baada ya mwaka huo wa 1948 Edgar Whisenant akatoa sababu 88 za unyakuo kutokea mwaka 1988. Kenya mwaka 2019 baadhi ya waumini waliiogopa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, wakidhani ni chapa ya mnyama. Hesabu hizi zina mwanzo mmoja: mtu anaondoa maneno ya Yesu kwa watu walioambiwa, halafu anayatafutia watu wengine. Wanaotaja vita kuwa dalili husahau hata kwamba Yesu alitaja vita na tetesi za vita ili kusema mwisho bado.

Wasioamini nao wana lao. Wanasema utabiri unalingana na mwaka 70 kwa sababu uliandikwa baada ya mwaka 70. Lakini mtaalamu wa Agano Jipya C. H. Dodd alionyesha mwaka 1947 kwamba maneno ya Luka kuhusu mji kuzungukwa na majeshi yamefinyangwa na lugha ya Agano la Kale juu ya kuanguka kwa Yerusalemu mbele ya Wababeli, si na taarifa za vita ya Titus. J. A. T. Robinson mwaka 1976 alikwenda mbali zaidi, akadai Agano Jipya lote liliandikwa kabla ya maangamizi hayo. Hapo alizidisha, kwa maoni yangu, ila aliuliza swali linalostahili jibu: mwandishi anayejua kwamba mji ulianguka wakati wa kiangazi angebuni kwa nini ombi kwamba kukimbia kusiwe wakati wa baridi? Na hata tukikubali kwamba injili mojawapo iliandikwa baadaye, ina maana mwandishi wake aliyaangalia magofu na kuamini kwamba ndiyo yaliyokusudiwa. Pingamizi hilo linagusa tarehe ya kitabu; maana ya unabii linaiacha pale pale.

Sasa niwageukie ndugu wa upande wa pili, ambao ninawaheshimu kwa sababu walianza kwa kuwa waaminifu kwa maneno ya muda. James Stuart Russell, mchungaji wa Uingereza, alitoa kitabu chake juu ya kuja kwa Kristo mwaka 1878, akapanga kila andiko lisemalo karibu, upesi, u mlangoni, kisha akauliza tumepewa na nani ruhusa ya kuyafanya yamaanishe miaka elfu mbili. Mwaka 1971 Max King wa Marekani alikamilisha jengo: ufufuo wenyewe, alisema, ni watu wa Mungu kutoka katika mwili wa agano la kale na kuingia katika agano jipya, na jambo hilo lilikamilika Hekalu lilipoanguka. Kuna mantiki hapa, na wanaomwita kila mtu wa namna hii mzushi bila kumjibu hawamsaidii mtu yeyote. Mhubiri akishakiri kwamba kizazi hiki ni kizazi kile, atalazimika kueleza kwa nini asiende na treni hii hadi kituo cha mwisho.

Sababu ya kushuka njiani ni makaburi. Paulo katika 1 Wakorintho 15 haanzi na agano. Anaanza na maiti iliyozikwa ikafufuka na kuonekana, akataja watu zaidi ya 500 waliomwona kwa pamoja, akaongeza kwamba baadhi yao wamelala. Kisha anamwita Kristo limbuko la waliolala. Limbuko ni mazao ya shamba lile lile. Ikiwa kilichotoka kaburini siku ya tatu ni Yesu mwenyewe aliyekula samaki na kuguswa, mavuno yanayofuata hayawezi kuwa badiliko la hali ya kisheria ya jumuiya. Waathene walipomsikia Paulo akitaja ufufuo wa wafu walimdhihaki, na mtu hadhihakiwi Athene kwa kusema maagano yamebadilika. Mbele ya Feliki, katika Matendo 24, alisema tumaini lake la ufufuo ni lile lile walilonalo wanaomshitaki, na kila anayewajua Mafarisayo anajua walitumaini miili kuinuka. Paulo asingesema hivyo kwa uaminifu kama moyoni alimaanisha kitu kingine kabisa.

Wanajibu kwa Himenayo na Fileto, wale ambao 2 Timotheo 2 inasema walifundisha kwamba ufufuo umekwisha kuwapo. Ikiwa ufufuo ni makaburi kufunguka, wanauliza, walimdanganyaje mtu yeyote? Mtu angewapeleka makaburini wakaone. Kwa hiyo, wanasema, ufufuo ulijulikana kuwa wa kiroho, na kosa la wawili hao lilikuwa kuwahi tu. Hoja hii ni kali, lakini inadhania kwamba Himenayo alikuwa na maana sawa na Paulo na akakosea tarehe pekee. Inawezekana zaidi kwamba alibadilisha maana yenyewe, akaufanya ufufuo kuwa jambo la ndani lililokwisha, kama baadhi ya Wakorintho walivyoanza kufanya, na ndiyo maana Paulo anakufananisha kufundisha huko na donda linalokula. Kisha kuna ukimya baada ya tukio. Ireneo wa Lyon, Yustino, Ignatio wa Antiokia, Klementi wa Roma, hawa wote waliandika katika vizazi vya karibu, wengine wakiwa wamekutana na waliowajua mitume, na hakuna hata mmoja anayesema Bwana amekwisha kurudi na wafu wamefufuka. Russell aliliona tatizo hilo, akasema huenda walioshuhudia ndio walionyakuliwa, ndiyo sababu hawakuacha ushahidi. Hoja inayohitaji mashahidi wake watoweke haiwezi kusimama. Naye pia alisita mbele ya Ufunuo 20, akakubali kwamba miaka elfu ile haiwezi kubanwa ndani ya muda alioupigania.

Kuna na Meza ya Bwana. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wanaouvunja mkate wanaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo. Kama alikwisha kuja mwaka 70, Kanisa lote limekaa mezani karne kumi na tisa bila sababu, au limeukosea ujumbe kila Jumapili. Ungamo la imani lililokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381 linamngojea Kristo atakayehukumu walio hai na waliokufa, na linaungojea ufufuo. Najua maungamo si Maandiko na watu wa yote-yametimia hulisema hilo upesi. Lakini Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti, ambao hawakubaliani karibu kwa kila jambo jingine, wanakiri hili kwa kinywa kimoja, na anayetaka kulitupa anadaiwa ushahidi mzito kuliko ule wa lugha ya muda peke yake.

Kitabu cha Ufunuo kina ugumu wake. Wanaokiweka kabla ya mwaka 70, kama Kenneth Gentry katika kazi yake ya mwaka 1989, huonyesha kwamba sura ya 11 inapima Hekalu kana kwamba bado limesimama na kwamba hesabu ya 666 inamwangukia Nero. Andika Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ni tarakimu pia, na unapata 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200. Jumlisha, ni 666. Ondoa ile 50 ya mwisho, kama jina linavyotamkwa kwa Kilatini, na unapata 616, ambayo ndiyo namba iliyomo katika kipande cha kale cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus kilichochapishwa mwaka 1999. Ni vigumu kuiita bahati. Hata hivyo Ireneo, yapata mwaka 180, aliandika kwamba maono hayo yalionekana karibu na mwisho wa utawala wa Domitian, ambaye alikufa mwaka 96, na majaribio ya kumfanya Ireneo aseme kitu kingine hayajaniridhisha. Kwa hiyo sifungi hoja yangu kwenye tarehe ya Ufunuo. Iwe ni siku za Nero au za Domitian, barua ilipelekwa kwa makanisa saba ya Asia yaliyohitaji kuielewa, na mnyama alikuwa dola waliyoijua kwa kodi yake na kwa damu yake. Anayemtafuta mnyama ndani ya chanjo au kitambulisho hawafikirii kabisa Wakristo wa Smirna na Pergamo.

Linabaki swali ambalo wapreteristi kamili hupenda kuwauliza watu wa msimamo wangu: mstari unaukata wapi? Mtaalamu wa Agano Jipya R. T. France aliukata kwenye Mathayo 24:36, ambapo Yesu anaacha mambo hayo yatakayotukia ndani ya kizazi na kuanza kusema juu ya siku ile ambayo hata Mwana hajui saa yake. Mabadiliko ni ya kweli: kabla ya hapo kuna dalili na amri ya kukimbia, baada ya hapo hakuna dalili wala pa kukimbilia. Ila Luka 17 inachanganya umeme, siku za Nuhu, aliye darini na tai wanaokusanyika, vitu ambavyo Mathayo ameviweka pande mbili za mstari huo. Nakiri kwamba hili linauharibu unadhifu wa mpango wa France. Halivunji msimamo. Waandishi wa injili walipanga maneno ya Yesu kwa kufuata mada, na tumaini la ufufuo halikuwahi kutegemea mstari mmoja wa Mathayo. Limejengwa juu ya kaburi tupu na juu ya barua za Paulo, na lingesimama hata kama sura yote ya 24 ingekuwa ya mwaka 70.

Wapo wachungaji wanaoniambia kwamba nikiziondoa dalili, waumini watalala. Wasome sura inavyoendelea. Mtumwa anayesifiwa katika Mathayo 24:45 ni yule ambaye bwana wake anapokuja anamkuta akiwapa watumishi wenzake chakula kwa wakati wake. Sura inayofuata inaishia kwenye hukumu ya mataifa, na la kwanza linaloulizwa ni nani aliyewalisha wenye njaa. Sitaki kuwabebesha walimu wa kawaida wa unyakuo mzigo usio wao, kwani wengi wao walilia pamoja na nchi nzima. Lakini mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Yesu kabla ya mwisho, na miongoni mwao walikuwamo watoto ambao chakula walikikosa kwa amri ya watu wazima wao. Walisomewa Biblia yenye sura zile zile mbili.